Nilimtoa Nafula Maabara Ili Tusihame Nyumba ya Kazi

Nilipaswa kukataa. Mkubwa wangu alinipa nafasi ya kwenda kufikiri, sikuitumia. Nilijibu pale pale, nimesimama mbele ya meza yake, kofia mkononi: "Sawa, mkubwa. Nitamleta." Nilikuwa nimeshamtoa mwanangu chuoni kabla hata sijafika nyumbani kumwambia.

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukatafuta mtu mwingine wa kulaumu kadiri unavyosoma.

Mimi ni mzee sasa. Jina langu silitaji, wala la shirika nililolifanyia kazi. Majina ya wengine humu nimeyabadilisha. Nafula si Nafula. Lakini mambo ni hayo hayo, na nakuomba uyasikilize kama mtu aliyeketi nami kwenye benchi moja.

Nilikuwa karani wa stoo katika shirika kubwa hapa Nairobi. Nilitoka kwetu magharibi nimemaliza kidato cha nne, wakati kidato cha nne kilikuwa kitu. Nikapewa meza, nikapewa kiti, na baadaye nikapewa nyumba ya kazi huku Eastlands, si mbali na barabara ya Jogoo. Vyumba viwili na jiko. Bomba la maji lilikuwa nje, tukilitumia pamoja na majirani.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu shida yote ilianzia hapa. Nyumba ya kazi si yako. Ukiwa kazini, unakaa. Ukistaafu, unatoka. Sote tulilijua hilo, na sote tuliishi kama watu watakaofanya kazi milele! Tulipaka rangi kuta zisizo zetu. Tulipanda sukuma wiki nyuma ya jikoni. Watoto wetu walizaliwa mle, wakapaita nyumbani.

Kule magharibi, kwenye shamba la marehemu baba yangu, sikuwa nimejenga hata kibanda. Kila Desemba nilisema mwakani. Ndugu zangu walinionyesha mahali pangu, tukapigilia vigingi, vigingi vikaoza. Aibu gani hiyo! Mwanamume mwenye mvi anakwenda likizo kwao na kulala sebuleni kwa mdogo wake, anakunjiwa godoro asubuhi na watoto.

Wakubwa wa kazi waliijua hofu yetu. Ndiyo maana palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Tuliiita kuachiana kiti. Mtu akikaribia kustaafu, na kama hana ugomvi na mtu, humwendea mkubwa wake na kuomba mtoto wake aingizwe mahali pake. Mtoto akiingia, nyumba inahamia jina la mtoto. Mzee hahami. Anaendelea kukalia kochi lake na kunywa chai kwenye kikombe chake, kama kwamba hakuna kilichobadilika.

Jirani yangu Mutiso, dereva wa shirika, mtu wa Ukambani mwenye mdomo usiochoka, alikuwa ameshamwachia kijana wake kiti.

"Huyu kijana ndiye mwenye nyumba wangu siku hizi," aliniambia pale bombani. "Juzi nimeweka miguu juu ya meza, akaniuliza, mzee, hii nyumba ni ya nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikashusha miguu! Wewe ungefanya nini?"

Tulicheka sana. Lakini niliporudi ndani nilikuwa nawaza: Mutiso ameshapona. Mimi je?

Mimi nilikuwa na Nafula. Ndiye kifungua mimba wetu, wadogo zake walikuwa bado shule ya msingi. Alama zake za kidato cha nne zilikosa chuo kikuu kwa kitu kidogo tu, akaingia chuo cha ufundi mjini kusomea diploma ya sayansi, fizikia na kemia. Alikuwa akienda asubuhi na kurudi jioni na koti lake jeupe limekunjwa ndani ya begi, lina madoa ya rangi ambayo sabuni haikuyatoa.

Nitakuambia ukweli. Sikuwahi kuelewa alichokuwa akisomea. Angekuwa anasomea uuguzi, ningeelewa. Ualimu, ningeelewa. Watu kanisani waliniuliza, "Binti anachukua kozi gani?" Nikasema sayansi. "Sayansi ya nini?" Nikasema, ya vitu. Wakanyamaza kwa adabu. Mimi nikaona haya, na haya hizo niliziweka moyoni kama deni ambalo Nafula angelilipa.

Nyumbani mambo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Alichukua boliti nzito kutoka kwenye sanduku langu la vyuma, akaifunga kamba nyembamba, akaining'iniza kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Anaisukuma kidogo, inakwenda na kurudi, naye ameshika saa yangu ya mkononi, midomo inacheza anahesabu. Anafupisha kamba, anahesabu tena. Mama yake akipita na sufuria ya ugali ilibidi ainame.

"Wewe Nafula, siku moja hicho chuma kitaniua."

"Hakiwezi, Mama. Kuja hapa nikuonyeshe. Nakiweka kwenye pua yako, nakiachilia. Kitaenda, kitarudi, na hakitakugusa."

"Pua nimepewa moja tu. Jaribu na yako!"

Akajaribu na yake. Alisimama ameegemea ukuta, akaivuta ile boliti mpaka ikamgusa pua, akaiachilia bila kuisukuma. Ikaenda hadi karibu na meza, ikarudi mbio kuelekea usoni mwake. Mama yake akapiga ukelele. Nafula hakupepesa jicho. Chuma kikasimama mbele ya pua yake, kikabaki na nafasi ya kuingiza karatasi, kikaondoka tena.

"Umeona, Baba? Hakiwezi kupita pale kilipoanzia. Hata ukikibembeleza."

Nilikuwa nimekiona. Nilikuwa nimeshika gazeti lakini nilikiona chote, na moyo wangu ulipanda, nikajua mtoto huyu ana kitu. Nikageuza ukurasa.

Ulikuwa mwaka wake wa mwisho wakati mkubwa wangu aliponiita. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Maneno ya kupunguza wafanyakazi yalikuwa yameanza kusikika kwenye redio, lakini kwa mbali, kama mvua ya mtaa mwingine.

"Umri wako umefika ukingoni," mkubwa akasema. "Ukiandika kwamba unaondoka kwa hiari sasa, kiti chako nitampa mtoto wako. Ukingoja mpaka utolewe, sina ahadi. Unaye mtoto?"

"Ninaye, ila anasoma."

"Amemaliza kidato cha nne?"

"Amemaliza."

"Basi amesoma. Anataka kusoma mpaka amshinde nani?"

Nilicheka. Naomba ulijue hilo pia. Nilicheka pamoja naye! Akaniambia niende nifikirie, lakini mtoto awe ameketi kitini kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo ndipo niliposema yale niliyokuambia mwanzo. Sawa, mkubwa. Nitamleta.

Mke wangu alikuwa anachambua mboga nilipomwambia. Hakuinua uso.

"Umemuuliza?"

"Nitamwambia jioni hii."

"Sijasema kumwambia, Baba Nafula. Nimesema kumuuliza."

"Unataka tuhamie wapi? Niambie. Tukalale sebuleni kwa ndugu yangu, sisi na watoto?"

Hakunijibu. Alijua sina nyumba kule, na alijua ni kwa uzembe wangu, na hakulisema. Nikachukua kimya chake nikakiita ruhusa.

Nafula aliporudi alinisikiliza amesimama, begi bado begani.

"Lakini Baba, imebaki kidogo tu. Ni mafunzo ya kazini na mtihani wa mwisho."

"Chuo hakikimbii. Utafanya kazi mwaka mmoja, tukitulia utarudi kumalizia."

"Hawaruhusu kuondoka na kurudi hivyo."

"Wameruhusu. Nimeshaongea nao."

Jamani! Sikuwa nimeongea na mtu yeyote. Chuo chenyewe sikuwahi kukanyaga.

"Umeongea na nani?" akauliza.

"Mkubwa wao pale."

"Bwana Kariuki? Mwalimu wetu wa fizikia?"

"Huyo huyo."

Jina hilo nililisikia kwanza kinywani mwake wakati ule ule. Yeye ndiye aliyenipa uongo wa kumdanganya. Uso wake ukalegea kidogo. "Basi kama Bwana Kariuki amekubali," akasema, "ni sawa, Baba." Akataka kwenda kumuaga chuoni, nikamwambia asiwasumbue watu, mambo yote yamepangwa, atawaona atakaporudi.

Siku aliyoanza kazi alishusha ile boliti kutoka mlangoni. Aliifungua kamba, akairudisha kwenye sanduku langu, kwenye kile kikopo chenye boliti za ukubwa ule. Msumari ukabaki. Koti jeupe alilifua, akalipiga pasi, akalikunja chini ya nguo zake.

Akakaa kwenye kiti changu. Kazi ilikuwa kupokea vifaa na kutoa vifaa. Hakulalamika. Jioni nilimuuliza kazini kukoje, akasema kuko salama. Mimi nilikuwa kwenye kochi langu. Kikombe changu kilikuwa mahali pake. Mutiso alikuja kunipongeza na kuniambia sasa nishushe miguu mezani.

Haijapita hata mihula miwili, Bwana Kariuki akaja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mke wangu na Nafula walikuwa wamekwenda sokoni. Alikuwa mtu mwembamba, viatu vimejaa vumbi, maana alikuwa ameuliza njia tangu Buruburu, nyumba hadi nyumba. Nilimkaribisha, nikamchemshia chai mwenyewe. Alijitambulisha, nikamsogezea kikombe.

"Mzee, nimekuja kwa sababu ya Nafula. Aliacha kuja bila kuaga. Nikadhani ni ugonjwa, nikadhani ni ada. Wenzake wakaniambia ameajiriwa."

"Ndiyo, amepata kazi nzuri."

"Nimefurahi. Kazi gani?"

"Stoo."

Akanywa chai kidogo. Hakuwa na dharau usoni, na hiyo ndiyo iliyoniudhi.

"Mzee, niruhusu nikuambie kitu. Watu hawajui wanafunzi wetu huenda wapi, ndiyo maana nalazimika kueleza. Kiwanda cha rangi hakiwezi kutoa mkebe mmoja kabla mtu kama Nafula hajaupima. Sabuni, saruji, dawa, vivyo hivyo. Maji unayokunywa kuna mtu ameyapima. Hospitalini kwenye eksirei kuna mtu wa fizikia. Watu wa hali ya hewa wanatuomba vijana. Na akitaka kusoma zaidi, diploma hii inamfungulia mlango wa chuo kikuu kwa upande mwingine. Hakuna aliyefunga mlango."

"Kumbe," nikasema.

"Sasa kuna kiwanda cha rangi Industrial Area, kule mtaa wa viwanda. Wananiomba mtu wa maabara, na wamesema nilete aliye bora. Nimemtaja yeye. Wako tayari kumchukua kwa mafunzo, wakimwona anafaa wamwajiri. Na nimeongea na chuo, mtihani ataufanya na wenzake muhula huu. Anachotakiwa ni kufika ofisini kwangu Jumatatu. Jumatatu hii, Mzee. Zaidi ya hapo jina litakwenda kwa mwingine."

Unaelewa alichokuwa amefanya? Ule uongo wangu, kwamba nimeongea na chuo, kwamba wamekubali, mtu huyu alikuwa ameugeuza ukweli! Alinifutia kosa langu bila kujua. Ilibaki nifungue mdomo tu Nafula akirudi.

"Nitamwambia," nikasema.

"Ahsante, Mzee. Ana bahati ya baba."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Niliporudi, Mutiso alikuwa anamwoshea kijana wake gari la kazi mbele ya nyumba yao.

"Nani yule anatembea kama mchungaji?"

"Mtu wa bima."

"Mwambie apite na kwangu, nataka kumkatia huyu mwenye nyumba wangu!"

Nikaingia ndani, nikakiosha kikombe cha mgeni, nikakifuta, nikakirudisha kabatini.

Nilikuwa nawaza hivi, na sikufichi. Nafula akiondoka kwenye kiti, nyumba inaondoka. Rangi! Nani anaacha kazi ya shirika kwenda kupima rangi? Kiwanda ni cha mtu, mtu akiamka vibaya anakifunga. Shirika ni la serikali, litakuwepo nikiwa nimezikwa. Nilijiambia namlinda. Lakini nilikuwa najua ninachokilinda. Nilikuwa nimekikalia.

Nafula alirudi na kikapu, akasema, "Baba, umechemsha chai? Leo kuna nini?" Akacheka. Nikasema nilisikia baridi.

Jumapili ikapita. Jumatatu asubuhi nilimtazama akivaa viatu vya kwenda stoo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwangu, anafunga kamba za viatu taratibu. Akaniambia, "Baki salama, Baba." Nikamwambia aende salama. Akaenda.

Tangu siku ile kuna kitu ndani yangu kilinyamaza, na hakijasema tena.

Shirika halikusubiri nizikwe. Mwaka uliofuata upunguzaji ulifika kwetu, na wakubwa walikuwa na kanuni yao: walioingia mwisho wanatoka kwanza. Nafula alifika asubuhi, askari wa getini akamzuia pamoja na wenzake wengi, vijana watupu, watoto wa wazee wa kuachiana kiti. Kijana wa Mutiso pia. Yule mkubwa aliyeniahidi alikuwa ameshaondoka na hatukujua aliko.

Mutiso alikuja kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Baba Nafula, hebu nieleweshe. Mimi nilistaafu nikaenda. Sasa naambiwa nihame kwa sababu kijana amefukuzwa. Mtu anafukuzwaje kazi mara mbili?"

Nilitaka kucheka. Haikuja. Yeye pia alikuwa anatazama sakafu.

Tulihama. Tulikodi mkokoteni, tukaenda mtaa wa Mowlem, chumba kimoja na pazia katikati. Kochi halikupita mlangoni. Tuliliacha nje usiku huo na asubuhi halikuwepo. Nilipokuwa natoa vyombo vya mwisho kwenye ile nyumba ya kazi niliuona ule msumari juu ya mlango wa jikoni. Sikuung'oa.

Wiki hiyo hiyo Nafula alitoa koti lake jeupe, akalipiga pasi tena, akaenda chuoni. Alikuwa na furaha, nakuambia! Asubuhi ile alimwambia mama yake, "Pengine Mungu ameniondoa stoo makusudi. Nafasi yangu ipo, Baba aliongea nao." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, navaa shati. Nilifunga vifungo vyote, nikavifungua, nikavifunga tena, mpaka niliposikia mlango umefungwa.

Alirudi alasiri. Alikuta mama yake ameivisha chakula, akanipakulia mimi kwanza kama kawaida. Alinawa mikono. Aliniletea maji nikanawa. Akaweka sahani mbele yangu, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Baba," akasema, "Bwana Kariuki anakusalimia."

Basi. Hakupaza sauti. Akaketi upande wa mama yake, akala.

Mama yake alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Kariuki ni nani?" Nafula akasema, "Ni mwalimu. Alishawahi kufika kwetu, akanywa chai ya Baba." Nikaona mke wangu akirudi nyuma kichwani mwake, akiitafuta siku ile, akiipata. Kijiko chake kikabaki hewani. Nilikula chakula chote. Sikuonja chochote.

Baadaye nilipata habari kwa vipande, kupitia kwa mama yake. Kozi ilikuwa imebadilishwa. Aliyoyasoma hayakuhesabiwa tena, angetakiwa kuanza upya mwaka wa kwanza, na hatukuwa na uwezo huo. Ile nafasi ya kiwanda cha rangi alipewa mwenzake wa darasa, msichana aliyekuwa akija kwetu kunakili hesabu za Nafula. Sasa ndiye anasimamia maabara nzima. Bwana Kariuki alikuwa amemngoja Jumatatu ile mpaka jioni.

Nafula alitafuta kazi, akapata soko la Burma, kwenye bucha, kupima nyama. Yuko huko mpaka leo, ila sasa bucha ni yake na mumewe. Nimewahi kusimama ng'ambo nikamtazama. Kabla ya kila mteja huutazama mshale wa mizani, akaugusa kidogo, akahakikisha umesimama mahali pake, ndipo anaweka nyama. Kila mteja, hata foleni ikiwa ndefu. Wauzaji wengine hawana muda huo.

Siku moja nilijikaza. Mama yake alikuwa amefariki, nilikuwa peke yangu na maneno yale. Nikavuka, nikapanga foleni, nikafika mbele yake.

"Nafula, mama, ile siku aliyokuja Bwana Kariuki..."

"Baba, kuna wateja nyuma yako."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia mvua inanyesha.

"Nikupimie nini?"

"Nusu," nikasema.

Akaangalia mshale. Akanipimia nusu ya nyama laini, ya mzee asiye na meno, akaifunga vizuri, akakataa nilipe. Nikarudi nayo Mowlem. Nilikuwa nimeandaa maneno mwaka mzima, nikarudi na nyama.

Kwa hiyo nayaandika hapa, kwako, ambaye huna wateja nyuma yangu. Nafula mwanangu, nilikudanganya kwamba nimeongea na chuo. Na mlango ulipofunguliwa kweli, niliusikia ukifunguka, nikaufunga kwa mkono wangu, nikaosha kikombe. Bwana Kariuki, kama bado uko hai, nisamehe. Sikumwambia.

Wazazi, nawaomba kitu kimoja. Mtoto akisomea jambo usilolielewa, muulize yeye, au nenda ukamuulize mwalimu wake, wanaohitimu huwa wanakwenda wapi. Mimi niliona haya kuuliza. Mtu mgeni alinijia na viatu vya vumbi akanieleza bila kuulizwa, na bado! Na kama una nyumba ya kazi, jenga kwenu, hata chumba kimoja cha mabati, ili siku moja hofu ya kuhama isije ikakufanya umtumie mtoto wako kama ufunguo. Na ujumbe wa mtoto ni wa mtoto. Ukikabidhiwa, ufikishe.

Nafula hajanitupa. Usifikiri hivyo. Kila Jumapili anakuja, ananifulia, ananipikia, ananiuliza kama nimekunywa dawa. Ana binti anayeelekea kumaliza shule, mwenye kichwa kile kile. Juzi msichana huyo, ambaye huniita Guka, yaani babu, alikuwa ameketi nami, akaanza, "Guka, mimi nataka kusomea..." Nafula akamkatiza kutoka jikoni, taratibu tu.

"Njoo huku unisaidie. Mambo ya shule si ya kumwambia Guka."

Mtoto akanyanyuka, akaenda. Sijui anataka kusomea nini.

Niliamua vile ili nisipoteze nyumba. Nyumba niliipoteza. Kiti kilipotea, diploma ya mwanangu ikapotea, na maabara aliyokuwa ameandaliwa akapewa mwingine. Lakini kilichonigharimu mwisho ni hiki: mwanangu yuko hai, ananitunza, na haniamini kwa neno hata moja.